Mzazi mwenye kazi nyingi apumzike lini? Mwongozo kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria

Wazazi wengi wa Mwanza na vijiji vya kando ya Ziwa Victoria huamka kabla ya jua na kulala baada ya watoto. Katikati hapo kuna dagaa wa kuanika, shamba, biashara, maji, kuni na jiko. Ukiwauliza wanapumzika lini, wengi hucheka tu.

Makala hii inaeleza kwa nini mzazi anahitaji muda wake mwenyewe, muda huo unapatikanaje, sheria ya kazi inampa nini aliyeajiriwa, na ni dalili zipi zinaonyesha kuwa uchovu umegeuka ugonjwa.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Mzazi mwenye watoto wadogo hapati mapumziko kwa kuamka mapema zaidi wala kwa kuchelewa kulala. Anayapata pale mtu mwingine anapokubali kumshikia mtoto, chungu au kazi kwa muda unaojulikana. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: nani atanipokea?

SIKU YA MZAZI IKOJE

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi mialo mingi inatumia taa za betri na za sola. Mitumbwi hurudi alfajiri, na hapo ndipo kazi ya wanunuzi na waanikaji inapoanza. Wengi wao ni wanawake. Dagaa hawangoji mtu. Wakianikwa mapema na jua likawaka, hukauka siku hiyo hiyo na bei huwa nzuri. Mvua ikiwakuta mchangani huharibika, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ndiyo maana mama wa mwaloni hawezi kusema leo atachelewa kidogo.

Chukua mfano wa mama mwenye watoto watatu katika mwalo wowote wa Ukerewe, Sengerema, Buchosa au Magu. Saa 10 alfajiri yuko macho. Saa 12 asubuhi ananunua dagaa, saa 2 ameshaanika. Mchana anageuza dagaa, anapika na kufua. Saa 10 jioni anaanua. Saa 12 jioni ni maji na jiko. Saa 5 usiku ndipo anapolala. Amekaa macho saa 19 na kulala saa 5.

Baba mvuvi naye amekesha ziwani. Anarudi asubuhi akiwa na baridi mwilini, analala mchana kwenye nyumba ya chumba kimoja au viwili, watoto wanacheza mlangoni. Usingizi wake ni wa vipande vipande. Wengine hukaa kwenye makambi ya visiwani kwa wiki kadhaa bila kuona familia.

Hali hii haiko mwaloni peke yake. Yuko mwalimu wa Kwimba anayetoka darasani na kukuta shamba la mpunga linamsubiri. Yuko mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara mjini Mwanza, mama lishe wa stendi, na dereva wa bodaboda anayeondoka watoto wamelala na kurudi wamelala.

Mwaka 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika utafiti wake wa nguvu kazi, iliuliza pia watu wanavyotumia saa za siku. Ilionekana kuwa kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo huchukua muda wa wanawake zaidi ya mara mbili ya ule wa wanaume. Kazi hizo hazina saa ya kutoka. Ndizo zinazokula mapumziko ya mzazi, hasa mama.

MWILI NA AKILI VINAHITAJI NINI

Kwanza ni usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kwa usiku mmoja. Anayelala saa 5 kwa siku 6 amepoteza saa 12, na kulala sana Jumapili hakuzirudishi zote. Asiyelala vya kutosha husahau, hukasirika haraka, na hupata ajali kirahisi barabarani, jikoni au ziwani. Kukosa usingizi kwa muda mrefu kunahusishwa pia na shinikizo la damu, kisukari na sonona. Nyumbani, watoto ndio wa kwanza kuona. Mzazi aliyechoka anaweza kumchapa mtoto kwa kikombe kilichovunjika, kisha ajutie usiku.

Pili ni kukaa bila kazi mkononi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ashughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Anayebeba ndoo za maji, anayelima na anayeanika dagaa ameshapita kiwango hicho. Yeye anahitaji kuketi, kunyoosha mgongo na miguu, na kunywa maji ya kutosha. Lakini anayekaa dukani, ofisini au juu ya pikipiki kutwa anahitaji kinyume chake: kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku 5 za wiki.

Tatu ni kuwa na watu. Kwaya, kikundi cha hisa, mpira wa jioni, ngoma, kumtembelea dada au rafiki: hivi si anasa. Mtu anayecheka na wenzake na kusema yaliyo moyoni hubeba mzigo wake vizuri kuliko anayejifungia. Wasukuma walilijua hili katika kilimo. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilichezwa watu wakilima shamba la mwenzao kwa pamoja, na kazi ngumu ikawa na wimbo na wenzi ndani yake.

Tahadhari moja kwa wanaopumzika kwa kuoga ziwani jioni. Maji ya ufukweni, hasa penye majani na konokono, yana vimelea vya kichocho, ugonjwa ulioenea sana ukanda huu. Ni salama zaidi kuoga nyumbani kwa maji yaliyotibiwa, yaliyochemshwa, au yaliyotekwa na kukaa kwenye chombo siku 2 bila konokono ndani. Anayeingia ziwani mara kwa mara kwa sababu ya kazi aulize zahanati kuhusu dawa ya kichocho.

MBALAMWEZI: MAPUMZIKO YALIYOMO KATIKA KALENDA

Kando ya ziwa kuna kalenda ambayo mtu wa mjini hana. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Wakati wa giza, uvuvi wa dagaa huwa mkali. Mbalamwezi ikifika, mitumbwi ya dagaa hupumzika kwa takribani siku 10, kutegemea mwalo. Kila mwezi siku hizo zinarudi, na kila mtu mwaloni anajua zitaanza lini.

Tatizo ni jinsi zinavyogawanywa. Kwa mvuvi, mbalamwezi ni siku za kulala, kushona nyavu, kwenda nyumbani na kukutana na wenzake. Kwa mama muanikaji, mara nyingi ni siku za kulipa madeni ya kazi: shamba lililoota magugu, nguo zilizolundikana, kupeleka dagaa mnadani au kwenye soko la Mwaloni Kirumba. Mwezi unapumzisha mtumbwi, lakini yeye haumpumzishi.

Hapa ndipo pa kuanzia mazungumzo ya nyumbani. Katika siku hizo, familia itenge siku 2 kabla ya kupanga kazi nyingine: moja ya mama, moja ya baba. Siku ya mama, baba ndiye anayebaki na watoto na kupika. Siku ya baba, mama ndiye anayebaki. Siku ikitajwa mapema, kwa mfano siku ya tatu ya mbalamwezi, hakuna anayeweza kusema hakujua.

Siku hizo hizo zinafaa kwa mambo ambayo wazazi huyaahirisha mpaka yanaharibika: kupima shinikizo la damu, kutibu jino, kliniki ya uzazi wa mpango, kumwona mzazi mgonjwa kijijini.

Kwa mkulima, nafasi kubwa zaidi iko baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi. Si ajabu kwamba sherehe ya ngoma ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, hufanyika Juni. Wakati wa kupanda na kupalilia usijiahidi siku nzima, jiahidi nusu saa baada ya chakula cha mchana kivulini, na uitunze.

NANI ASHIKE MTOTO?

Kwa mzazi wa kando ya maji, swali hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa miaka 1 hadi 4 anaweza kuzama kwenye maji machache sana, kwa dakika chache, bila kupiga kelele. Hatari huwa kubwa asubuhi, mama anapokuwa amezama kwenye kununua na kuanika, na mtoto anatembea peke yake ufukweni. Shirika la Afya Duniani linataja mahali salama pa kulelea watoto wadogo, mbali na maji, kuwa mojawapo ya njia kuu za kuzuia vifo vya kuzama. Kwa hiyo kumtafutia mtoto mlezi wa uhakika kunaokoa maisha yake, na papo hapo kunampa mzazi nafasi ya kupumua. Huwezi kulala ukiwa unasikiliza ziwa.

Njia zinazotumika ni hizi.

Ndugu wa nyumbani. Bibi, shangazi au mama mdogo ni msaada wa kwanza kwa familia nyingi. Lakini bibi wa miaka 70 hawezi kumkimbiza mtoto wa miaka 2 kuelekea majini. Mwombe muda mfupi, na mpeleke mtoto kwake nyumbani, si ufukweni. Bibi naye anachoka, kwa hiyo naye apangiwe siku zake.

Zamu ya majirani. Akina mama wanne au watano wanaoanika pamoja wanaweza kupeana zamu: mmoja anabaki na watoto wote kwenye uwanja wa nyumba iliyo mbali na maji, wengine wanamwanikia dagaa wake. Kesho yake anabadilishwa. Mpango huu hauhitaji fedha, unahitaji ratiba inayoheshimiwa. Watoto wasizidi idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuiona kwa jicho moja. Wakizidi, walinde wawili.

Kituo cha kulelea watoto mchana. Vituo hivi husajiliwa kupitia ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto wa miaka 0 hadi 8, na usalama wa mtoto ni mojawapo ya nguzo zake. Kabla ya kumwacha mtoto kituoni uliza: kimesajiliwa? Kina uzio na mlango unaofungwa? Kila mlezi ana watoto wangapi? Choo na maji vikoje? Nani anaruhusiwa kuja kumchukua mtoto? Kisha nenda siku moja bila taarifa uone mwenyewe.

Dada wa kazi. Huyu ni mfanyakazi, na sheria ya kazi inamgusa naye. Anahitaji kulala usiku na kupata siku ya kupumzika kila wiki. Mapumziko ya mzazi yasijengwe juu ya binti asiyepumzika kamwe.

Mtoto mkubwa. Hapa pana hatari ya kimyakimya. Binti wa miaka 10 hubakizwa nyumbani asubuhi za giza ili alee mdogo wake, na polepole anaachwa nyuma darasani. Kusaidia kazi ndogo baada ya shule ni malezi mema. Kumkosesha shule ni kumbebesha yeye mzigo wetu, na ada tuliyofutiwa shuleni inakuwa haina maana.

Jambo hili linafaa pia kupelekwa kwenye mkutano wa BMU au wa kijiji. Mwalo unaoweza kuchangia fedha za chanja za kuanikia na choo unaweza pia kutenga uwanja wenye uzio kwa watoto wa waanikaji. Mkutano ukilichukua, linaacha kuwa tatizo la mama mmoja mmoja.

MAPATANO YA NYUMBANI

Wazazi wengi hawajawahi kuongea kuhusu mapumziko. Kila mmoja husubiri mwenzake aone amechoka. Asipoona, hasira hujaa, na siku ikifika hulipuka kwa neno dogo la chumvi kwenye mboga.

Ombi linalofanya kazi lina mambo matatu: siku, saa na kazi. "Unisaidie siku moja moja" halitekelezeki. Lakini hili linaeleweka: "Baba Kulwa, Jumatano jioni niko kwenye kikundi kuanzia saa 10 hadi saa 12. Watoto utabaki nao, uji uko kwenye chupa." Naye baba anaweza kusema: "Mama Kulwa, nikirudi ziwani naomba watoto wawe kwa bibi mpaka saa 6 mchana, nilale. Jioni maji nitateka mimi."

Baadhi ya wanaume huogopa kuonekana wamekalia jiko. Ukweli ni kwamba mvuvi anayekaa kambini hujipikia, hujifulia na kuosha sufuria. Kazi hiyo anaiweza tayari, kilichobaki ni kuifanya nyumbani pia.

Mapatano yajaribiwe kwa mwezi mmoja wa giza na mbalamwezi, kisha wazazi wakae tena. Yasiyowezekana yabadilishwe, yanayowezekana yabaki.

Kuna pumziko lisilopumzisha. Pombe humlaza mtu haraka, lakini usingizi wake ni mwepesi, na fedha ya nyumbani huondoka. Simu nayo, ukilala nayo ukitazama video mpaka saa 6 usiku, imekula ule usingizi uliokuwa unauhitaji. Iweke mbali na kitanda, redio inatosha kukulaza.

KUPUNGUZA KAZI YENYEWE

Baadhi ya saa zinaweza kuokolewa jikoni na njiani.

Maharage na mahindi makavu yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi na kuni chache. Jiko banifu hupunguza safari za kuni. Vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe na matobolwa, ni akiba ambayo bibi zetu waliiandaa wakati wa mavuno ili siku ya kazi nyingi chakula kisichukue muda. Matobolwa yameshachemshwa kabla ya kukaushwa, kwa hiyo mtoto anaweza kula na chai asubuhi bila wewe kuwasha jiko mara mbili. Kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani hupunguza kuinama, kuchambua mchanga na kuharibika, na mnunuzi hupenda dagaa safi.

Njiani nako mambo yamebadilika. Daraja la John Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilizinduliwa rasmi Juni 19, 2025. Waliokuwa wakisubiri kivuko kwa muda mrefu sasa huvuka kwa dakika chache. Lakini muda uliookolewa usipopangiwa kazi yake huliwa mara moja na safari nyingine ya biashara. Ukiokoa saa 2 kwa siku, amua mapema: saa 1 ya kipato, saa 1 ya kulala au kukaa na watoto.

SHERIA INASEMA NINI KWA ALIYEAJIRIWA

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatumika Tanzania Bara. Inamhusu mfanyakazi wa kiwanda, duka, hoteli, shule binafsi, shamba au nyumbani kwa mtu. Mambo yanayomgusa mzazi ni haya:

• Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6.

• Saa za ziada ni kwa makubaliano, na zisizidi 50 katika wiki 4. Malipo yake ni angalau mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida.

• Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, unastahili mapumziko ya angalau saa 1.

• Unastahili kupumzika saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki.

• Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo.

• Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 kwa mama aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiwa na cheti cha daktari.

• Mama anayenyonyesha anastahili muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku.

• Baba anastahili angalau siku 3 zenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

• Mtoto akiugua, mzazi anastahili siku zisizopungua 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo. Siku hizo hizo hutumika pia kwa msiba wa mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa.

Kwa kawaida likizo zenye malipo huanza kuhesabiwa kwa aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi. Baba wengi hawazijui siku zao 3, na mama wengi huona aibu kuomba saa za kunyonyesha. Omba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na utunze nakala. Ukinyimwa, zungumza na chama cha wafanyakazi au ofisa kazi wa mkoa. Mgogoro usipoisha, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae nao mwaka mzima, kwa sababu kuna muda maalumu wa kulalamika unaohesabiwa kwa siku.

Mama wa mwaloni, mkulima na bodaboda hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Wao likizo yao ni kikundi. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo tayari vina mfuko wa jamii kwa msiba na ugonjwa, vinaweza kuongeza jambo moja kwenye katiba: mwanachama aliyejifungua asaidiwe fedha kidogo na zamu ya kazi kwa wiki 6. Kiasi kinaweza kuwa kidogo, mradi kila mmoja ajue zamu yake itafika.

ANAYELEA PEKE YAKE, NA ANAYEUGUZA

Ushauri wa kugawana na mwenzi haumsaidii mjane, aliyeachwa, au ambaye mwenzi wake yuko kisiwani miezi mitatu. Kwake, mtu wa kumpokea lazima apatikane nje ya nyumba: jirani mmoja, ndugu mmoja, kikundi kimoja. Ni bora mtu mmoja wa uhakika kwa saa 2 kila wiki kuliko watu kumi wanaosema "utatuambia". Naye mzazi aliye mbali anaweza kusaidia: atume fedha ya mlezi kwa simu, na apige simu jioni aongee na watoto wakati mama anaoga kwa utulivu.

Wazazi wenye mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu au ulemavu hubeba zaidi. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na mzazi hulala na mtoto wodini kisha asubuhi anatakiwa sokoni. Kwa familia kama hiyo, anayekwenda kuona mgonjwa asibebe soda peke yake. Amwambie mzazi: "Nenda ukaoge, ule, ulale saa 3. Mimi nipo hapa." Zawadi kubwa kuliko hiyo haipo.

UCHOVU AU UGONJWA?

Uchovu wa kawaida hupungua mtu akilala siku mbili tatu vizuri. Usipopungua, angalia dalili hizi:

• Huzuni au moyo mzito karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi.

• Kutofurahia chochote, hata vile ulivyovipenda.

• Kukosa usingizi hata ukipata nafasi ya kulala, au kulala kupita kiasi.

• Kukosa hamu ya kula, kulia bila sababu, kujiona huna thamani.

• Kwa aliyejifungua karibuni: kutojisikia kumshika mtoto, au hofu isiyoisha.

• Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Dalili hizi zinaweza kuwa za sonona, ugonjwa unaotibika. Zinaweza pia kutokana na upungufu wa damu, malaria, kisukari au shinikizo la damu, kwa hiyo vipimo ni muhimu. Anza zahanati au kituo cha afya, na umweleze mhudumu mambo ya moyoni pia, usiseme tu "kichwa kinauma". Ikihitajika utapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure au ya Kanda Bugando.

Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake hata saa moja, afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa ushauri wa afya, piga simu ya bure ya Wizara ya Afya namba 199. Kwa jambo la usalama wa mtoto, piga 116, nayo ni bure.

KWA KUANZA WIKI HII

Usibadilishe maisha yote kwa siku moja. Fanya mambo matatu.

Moja, hesabu saa ulizolala jana na juzi. Zikiwa chini ya 6, kulala ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya mapumziko mengine yote.

Mbili, mtaje mtu mmoja atakayemshika mtoto wako kwa saa 2, mahali palipo mbali na maji. Mwombe kwa siku na saa. Mrudishie wema huo wiki ijayo.

Tatu, angalia mbalamwezi inaanza lini, mkae wazazi wote wawili, na mtenge siku 2 kabla kazi nyingine hazijazichukua.